Ukuta wa Mawe Usio na Saruji

Ukiulizwa kuhusu ngome za kale nchini Kenya, bila shaka utataja Fort Jesus ya Mombasa. Je, Thimlich Ohinga unaijua?

Iko Nyatike, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Kwa Kijaluo, jina hilo lina maana ya boma la mawe katika msitu mzito wa kutisha. Kuta zake, za tangu karne ya 16 hivi, zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na hazikutiwa saruji wala udongo. Jiwe limepangwa juu ya jiwe, yakashikana. Malango ni mafupi na membamba: adui aliyetaka kuingia ilimbidi ainame kwanza. Ndani waliishi watu pamoja na mifugo yao, jamii moja baada ya nyingine, hadi mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini sifa haizuii ukuta kuanguka. Mizizi ya miti husukuma mawe, na jiwe moja likichomolewa, ya juu hufuata. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Masalio ya namna hii yamesambaa Migori na Homa Bay. Basi mwanafunzi, likizo hii ukienda kwa nyanya, muulize 'ohinga' ya karibu iko wapi. Andika anayokusimulia. Na ukifika, usibebe hata kokoto.