Usilifute Jina la Kitu

Hivi karibuni nilikuwa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, nikaketi barazani kwa mzee mmoja ambaye katika ujana wake, miaka ya 1960, aliwabebea fimbo wachezaji wa gofu huko Mwadui, kwenye mgodi wa almasi. Mjukuu wake akatuletea mpira wa gofu mweupe pepepe. Alikuwa ameupaka rangi ya mlango ili upendeze. Mzee akaugeuzageuza kiganjani. "Hapa palikuwa na jina," akasema. "Sasa halipo."

Ng'ambo wako watu wanaokusanya mipira ya kale ya gofu na kuifuatilia asili yake. Hapo zamani mpira huo ulikuwa ngozi iliyoshonwa na kushindiliwa manyoya. Fundi Allan Robertson wa St Andrews, Uskoti, aliyefariki mwaka 1859, aliigonga mipira yake chapa ya jina lake. Kuanzia mwaka 1848 ukaenea mpira wa utomvu mgumu wa miti ya Malaya. Mwaka 1899 Coburn Haskell wa Marekani akapata hati ya uvumbuzi wa mpira wenye nyuzi za raba zilizoviringwa katika kiini. Kwa mkusanyaji, chapa ni ushahidi, na anayeipaka rangi huufukia ushahidi huo.

Hata hivyo, mpira wa mzee haukuwa bubu kabisa. Tuliubana kati ya vibao viwili, tukapima kwa rula: milimita 41. Hicho ni kipimo cha Kiingereza. Cha Marekani hukaribia milimita 43. Tangu mwaka 1990 sheria za gofu zimekubali kile kikubwa tu. Basi mpira ule ni wa zamani. Lakini ulikuwa wa nani, na ulifikaje Mhunze? Hayo rula haiyajui.

Mwaka 1947 iliokotwa Mwadui almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, Dakta John Williamson, akamtunuku Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Ilipochongwa ikabaki karati 23.6. Safari ya jiwe lile yajulikana kwa sababu iliandikwa. Je, vijana waliobeba fimbo juani, nani aliyaandika majina yao?

Simwambii mtu kwamba mpira ule ni utajiri. Nasema kwamba ni kipande cha maisha ya mzee, na mzee akiondoka bila kuulizwa, kitabaki kitu cha kuchezewa na watoto.

Kwa hiyo, ndugu, ukiona kitu cha kale nyumbani, iwe mpira, jembe au picha, usikisugue wala usikipake rangi. Muulize mwenyewe mambo manne: alikipata kwa nani, wapi, lini na kwa sababu gani. Andika majibu, tia tarehe, uyahifadhi pamoja na kitu chenyewe.

Pale barazani kijana alichomoa ukurasa katika daftari lake la shule. Alipomuuliza babu yake nani aliyempa mpira ule, mzee hakusita. Alilitaja jina mara moja. Katika miaka yote ile hakuna aliyekuwa amemwuliza.