Facebook Pekee Haitoshi

Mwandishi aliyedai kwamba kituo kidogo cha utangazaji cha Bujumbura hakina haja ya seva yake ya kurusha video mubashara, kwa kuwa Facebook ni bure, amesahau tarehe 20 Mei 2020. Siku hiyo Warundi walipiga kura, na Facebook, Twitter na WhatsApp zikazibwa nchini. Aliyetegemea mitandao hiyo tu alinyamazishwa bila mtu kugusa kamera yake.

Anasema seva ni gharama kubwa. Gharama ipi? Kompyuta ya kawaida yenye mfumo endeshi wa Debian au FreeBSD inatosha kuanzia. Nginx na moduli ya RTMP ni programu huria: zinapokea video kupitia poti 1935, zinaikata vipande vya HLS vya sekunde chache, na simu ya mtazamaji inavipakua kama kurasa za kawaida za wavuti. Programu ya FFmpeg huandaa toleo jepesi kwa wenye intaneti dhaifu. Kuandaa toleo hilo ndiyo kazi inayoichosha kompyuta.

Penye ukweli nakubali. Watazamaji 100 wa kilobiti 800 kila mmoja wanahitaji megabiti 80 kwa sekunde, mzigo usiobebeka kirahisi na laini ya ofisini. Basi seva ikodishiwe nafasi kwa mtoa huduma mwenye laini nene, humu humu mjini. Video inayopigwa Zone Industrielle na kutazamwa Kamenge haina sababu ya kuzunguka Ulaya. Walio ng'ambo waachiwe Facebook. FFmpeg hiyo hiyo inaweza kuwapelekea nakala.