Wakili wa Serikali na Maji ya Mto Migori

Msomaji, yamkini umepata kusikia, hata hapa Ogwedhi, ya kwamba mwanasheria mwenye akili hufungua ofisi yake mjini, na yule abakiye serikalini ni mtu aliyekosa pa kwenda. Neno hili ni la upuzi, tena lina hatari.

Wachimbaji wa dhahabu katika Migori, kama wale wa Macalder, huchanganya mchanga na zebaki ili ishike chembe za dhahabu. Kisha huichoma, mvuke ukaingia vifuani mwao na masalio yakashuka mitoni. Mto Migori huungana na Kuja, na Kuja humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Basi niambie, samaki wa ziwani atamwajiri wakili gani? Na mama achotaye maji atamlipa nini?

Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda mahakamani Nairobi kulipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru. Alifukuzwa, si kwa udhaifu wa hoja zake, bali kwa kuwa, ati, yeye binafsi hakudhurika kuliko wengine. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria! Jumba halikujengwa, lakini mlango wa mahakama ulibaki umefungwa mpaka Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilipompa kila mtu haki ya kushtaki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 70, ikaitia nguvu haki hiyo.

Maneno ya sheria kama hiyo hayajiandiki. Hutaka watu wa kukaa mezani miaka mingi, wakibishana juu ya neno moja. Donald Kaniaru alilitumikia Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa kwa miaka mingi, kisha akaongoza baraza la mashauri lililoundwa na Sheria ile ile. Hulijui jina lake? Si kosa lako. Sisi tufundishao twawasifu wacheza mpira zaidi.

Wakubwa nao wana lawama. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2013, na zebaki ingali migodini. Sheria isiyo na mtu wa kuipeleka mahakamani ni karatasi tu.

Utaniambia mshahara wa serikali ni mdogo. Sibishi. Lakini mwenye mali akishtakiwa huja na wakili wake, tena amekwisha kumlipa. Ng'ambo ya pili ya chumba kuna kiti cha wakili wa serikali, nami nataka kikaliwe na mtoto wa Ogwedhi.