Sidiria isisingiziwe saratani

Mwalimu wa kike anayefundisha Chome, Vudee au Mamba hushuka Same mjini mwisho wa mwezi kwa shughuli za benki na manunuzi. Apitapo sokoni huchagua sidiria katika rundo la mitumba kwa kukisia kwa macho, kwa kuwa hapana mahali pa kuijaribia, na muuzaji aghalabu ni kijana wa kiume. Akisha kupanda gari na kufika milimani ndipo atambuapo kuwa mshipi unambana mbavu, au kwamba vikombe ni vidogo. Nauli ya kuirudisha yapita bei ya sidiria yenyewe. Basi huivaa hivyo hivyo mwaka mzima.

Wako watakaosema kuwa jambo hili halistahili kujadiliwa gazetini. Aibu hiyo ndiyo iliyoliacha mikononi mwa wavumishaji.

Sidiria isiyoenea ina madhara yake, nayo yajulikana. Mshipi unaozunguka kifua ndio upasao kubeba sehemu kubwa ya uzito. Ukilegea, uzito wote huhamia kwenye kanda za mabega, zikachimba mifereji katika nyama na kuleta maumivu ya shingo na mgongo. Mama wa Kipare ambaye bado ateremsha mzigo wa tangawizi au ndizi kichwani kwa njia za miguu huongezewa adha juu ya adha. Huku chini tambarare, Makanya na Hedaru, ambako jua ni kali, jasho hukwama chini ya matiti yaliyobanwa, ngozi ikachubuka na kuota fangasi. Kwa mama anyonyeshaye hatari ni kubwa zaidi, maana titi lililobanwa laweza kuziba mifereji ya maziwa, likavimba, likawa jekundu na kuleta homa. Mama huyo asiache kunyonyesha. Alegeze nguo na aende zahanati.

Lakini uvumi haukutosheka na hayo. Husemwa kuwa sidiria yenye waya huleta saratani, kwamba kulala nayo huleta saratani, hata kwamba noti zinazofichwa humo huleta saratani. Dhana hii ilienezwa sana na kitabu kimoja kilichotolewa Marekani mwaka 1995, kilichodai kuwa sidiria huzuia taka za mwili kutoka katika matiti. Mwaka 2014 watafiti wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson, mjini Seattle, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 1,500 waliokwisha kukoma hedhi. Waliangalia ukubwa wa vikombe, waya, saa za kuvaa kwa siku na umri wa kuanza kuvaa. Hawakuona uhusiano wowote na saratani.

Ubaya wa uvumi huu ni kwamba humpa mgonjwa tiba ya uongo. Mama aonaye kivimbe kisichouma hubadili sidiria, au huiacha kabisa, kisha hungoja. Kivimbe hakingoji. Katika nchi yetu wagonjwa walio wengi wa saratani ya matiti hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, ilhali ukigunduliwa mapema hutibika. Kivimbe katika titi au kwapani, ngozi iliyokunjamana, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu: hizo ndizo dalili, na hakuna hata moja iondolewayo na nguo.

Kuhusu mitumba, kiwango cha taifa cha mwaka 2003 kinakataza nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa, na Shirika la Viwango Tanzania limefanya misako mara kwa mara. Katazo hilo ni la haki. Hata hivyo msako peke yake haumvishi mtu. Sidiria mpya za bei nafuu nyingi ni hafifu, mpira wake hulegea upesi, na mnunuzi hurudi kwenye rundo. Wenye viwanda vya nguo watazame hapo.

Kwa sasa mengi yamo katika uwezo wa walimu. Futi ya fundi cherehani yatosha: hupimwa chini ya matiti, kisha penye unene zaidi, na vipimo hurudiwa baada ya kujifungua au mwili unapobadilika. Somo hilo la dakika kumi mwalimu wa kike aweza kuwapa wasichana wa darasa la saba bila kungoja waraka. Wazazi nao, wanunuao sweta na viatu vya shule bila kusita, waihesabu sidiria miongoni mwa sare.

Halmashauri ya Wilaya ya Same, ikishirikiana na UWT, ipeleke wauguzi wa kike magulioni, pamoja na pazia la faragha, wawapime akina mama matiti hapo hapo. Atakayekutwa na kivimbe apewe barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Toka Same hadi KCMC Moshi ni kilometa 100 hivi za lami. Toka Mamba hadi Same, wakati wa masika, ni habari nyingine, na nauli yake yafaa ipangwe kabla muuguzi hajapanda.