Kiswahili Kiishiapo Mlangoni pa Zahanati

Vyuo vikuu vya Kenya havina uhaba wa huduma za kuwafaa wanafunzi. Aghalabu kila chuo kina zahanati, washauri nasaha na ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Hata hivyo, mwanafunzi aliyetoka Bukavu au Bujumbura huweza kuhitimu bila kuikanyaga milango hiyo. Si kwamba hana shida. Anazo: karo inayochelewa njiani, kibali cha kusomea ambacho muda wake unayoyoma, na habari za nyumbani. Goma na Bukavu zilipotwaliwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, wapo waliozipokea habari hizo kwa simu usiku, na asubuhi wakaketi mhadharani kama kawaida.

Wengi hulihusisha jambo hili na aibu. Aibu ipo, lakini lugha ni kizuizi kikubwa zaidi. Fomu za zahanati ni za Kiingereza. Matangazo ya ushauri nasaha ni ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyesomeshwa kwa Kifaransa hadi sekondari hujikakamua akakipata Kiingereza cha mtihani. Kiingereza cha kueleza kukosa usingizi, au kifo cha ndugu, ni kingine kabisa.

Itadaiwa kwamba aliyekubali kusoma kwa Kiingereza hana budi kuhudumiwa kwa Kiingereza. Dai hili linasahau kwamba Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Nchini Kongo nako ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mgonjwa na mhudumu wanayo lugha moja, ila baina yao kumewekwa karatasi ya lugha nyingine.

Ni kweli kwamba Kiswahili chenyewe hutofautiana. Mkongomani akiulizia "biro", naye anatafuta ofisi, huenda akapewa kalamu. Kicheko kinachofuata ndicho humrudisha bwenini. Inasikitisha kwamba hata wanafunzi wa Kiswahili, wanaofundishwa isimujamii na lahaja, humo katika kicheko wamo.

Kila tarehe 7 Julai Kiswahili huadhimishwa kwa mashairi na hotuba. Ni vyema. Lakini kazi za somo la tafsiri zinazosahihishwa kisha zikafungiwa kabatini zingeweza kuwa fomu za zahanati na maelezo ya kuomba kibali, zikipitiwa na wahadhiri pamoja na wauguzi. Jambo moja lisifanywe: mwanafunzi asigeuzwe mkalimani katika chumba cha ushauri nasaha. Hakuna atakayeifungua siri yake mbele ya mwenziwe wa darasani. Humo anahitajika mshauri anayekizungumza Kiswahili mwenyewe, na washauri hao tayari wameajiriwa. Wengi wao hukizungumza kutwa, hadi mlango unapofungwa na fomu ikatolewa.