Fundi, Nionyeshe Spea Uliyoitoa

Hapa Tanzania mtu hawezi kuamka asubuhi akatundika kibao na kuanza kutengeneza bunduki za watu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kwanza awe na leseni. Ni sawa kabisa. Kifyatulio kilichofungwa ovyo kinaua, na kinaweza kumuua hata mwenye bunduki. Lakini teremka hapa Kivukoni, Dar es Salaam, mpaka soko la samaki la Feri, umtazame fundi wa mashine za boti. Yeye naye kazi yake ikiharibika watu wanakufa, tena mbali na macho ya watu. Nani anamwuliza chochote? Hakuna. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata sisi tunaomlipa hatumwulizi.

Nimeishika mkononi impela iliyotolewa kwenye mashine ya kijana mmoja wa ukoo wetu, mvuvi. Impela ni kigurudumu cha mpira, kidogo tu, kinaenea kwenye kiganja. Kazi yake ni kuvuta maji ya bahari yaipoze mashine. Hii niliyoishika mapanga yake mawili yalikuwa yamekatika, mengine yamepinda na kukakamaa kama ngozi iliyokauka. Fundi alikuwa ameshalipwa hela ya impela mpya na hela ya ufundi juu yake. Alichofanya ni kuichukua ile ile ya zamani, kuipaka grisi na kuirudisha ndani. Mashine ikawaka vizuri ufukweni, watu wakapeana mikono. Ilipofika nje ya kisiwa cha Mbudya, upepo wa kusi ukivuma, ikachemka, pistoni ikakwama, na vijana wanne wakabaki wanapiga kasia usiku kucha. Walirudi salama. Fundi alipofuatwa alisema mashine yenyewe ilikuwa imeshachoka, na yakaishia hapo.

Kwa nini yaishie hapo? Kwa sababu wazee walikaa, wakasema msamehe, ni mtu wetu, ana watoto, kesho utamhitaji. Hapo ndipo ninapokasirika. Tumejifunza kumwonea haya mtu aliyekula hela yetu. Anayedai haki yake anaitwa mkorofi, aliyelipua kazi anaombewa riziki. Na wale vijana wanne hawana watoto?

Serikali nayo ni mteja wa aina hii hii. Mwaka 2014, kupitia wakala wake wa ufundi na umeme, TEMESA, ilinunua kivuko cha MV Dar es Salaam kutoka kampuni ya Denmark kwa karibu shilingi bilioni 8, kiwe kinapeleka abiria Bagamoyo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipopitia hesabu alikuta kasi yake haifiki ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Kupima kasi ya chombo ni kazi ya asubuhi moja. Unaingia baharini, unakwenda, unarudi, unaandika namba; ikipungua, hulipi shilingi mpaka mwenye kazi arekebishe. Kama nchi nzima, yenye wahandisi na wanasheria, inaweza kupokea chombo kisha kasoro ikaandikwa na mkaguzi wa hesabu, tutamlaumuje mvuvi aliyelipa kwa sababu mashine imenguruma?

Najua utetezi wa mafundi. Spea feki zimejaa Kariakoo, boksi zuri, nembo nzuri, na Tume ya Ushindani inakamata na kuteketeza lakini nyingine zinaingia. Ni kweli, na fundi anaweza kuuziwa feki kama mtu mwingine yeyote. Ila fundi wa ile impela hakuuziwa feki. Hakununua kitu. Tusichanganye aliyedanganywa na aliyedanganya. Anayeumia kuliko wote ni fundi mwaminifu, anayenunua orijino na kutaja bei ya haki, halafu mteja anamkimbia na kwenda kwa yule wa bei poa.

Basi tuanze kudai. Bei iandikwe kwenye karatasi, kazi gani, spea gani, hata kama ni karatasi ya daftari la mtoto. Ya zamani niipate mkononi. Fundi akisema ameitupa, sijalipa. Mashine ijaribiwe majini, si kwenye pipa, na fundi mwenyewe awemo ndani ya boti. Kianzio kiwe cha spea tu, hela ya ufundi baada ya kujaribu. Fundi wa kweli hatakataa hata moja kati ya haya, kwa sababu yeye ndiye mwenye faida nayo.

Na akikuharibia, mpeleke Mahakama ya Mwanzo. Kesi inasikilizwa kwa Kiswahili. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inampa aliyevunjiwa makubaliano haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kuvunjwa kwake, na makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, ingawa karatasi na shahidi vitakuokoa. Nenda na ile spea mbovu, uiweke mezani kwa hakimu.

TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, inakagua vyombo, basi iwatazame na wanaovitengeneza. Wakati tunaingoja, wavuvi wa Feri wana viongozi wao. Hao wafungue daftari la mafundi wiki hii: jina, kazi aliyofanya, boti aliyoifanyia, tarehe, na matokeo yake baharini. Liwekwe sokoni, mahali ambapo kila nahodha atalisoma kabla hajatoa kianzio. Fundi atakayelalamika kwamba anachafuliwa jina apewe nafasi aje kujieleza mbele ya waliompa kazi, na aje na spea za zamani.