Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga wamesema: ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Waimbaji wengi wameishika kauli hiyo kama hirizi. Wakialikwa mbele ya watu wasiowazoea, huacha yao na kuiga ya wenyeji. Lakini iko santuri moja inayothibitisha kwamba si lazima iwe hivyo. Ni ile ya Aretha Franklin, iliyonaswa mbele ya watu katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, kuanzia tarehe 5 hadi 7 Machi, 1971.

Ukumbi huo wa Bill Graham ulikuwa ngome ya muziki wa roki na kituo cha mahipi, wengi wao vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu. Aretha naye alizaliwa Memphis mwaka 1942, akakulia Detroit katika kanisa la baba yake, mhubiri mashuhuri C. L. Franklin. Hata Jerry Wexler, mtayarishaji wa santuri zake, aliingiwa na wasiwasi kwamba vijana wale hawatauelewa muziki wa souli.

Aretha hakuwadharau wenyeji wake. Upande wa kwanza umejaa nyimbo walizozijua: za Stephen Stills, Simon na Garfunkel, Beatles na Bread. Wako watakaosema kwamba hapo alijipendekeza. Mimi nasema la! Msikilize vizuri. Sauti inapanda na kushuka kama ya mhubiri, waitikiaji wanamjibu, tarumbeta zinamsukuma mbele. Mtu aazimaye nguo akaishona upya kwa kimo chake hawezi kuitwa mwigaji.

Upande wa pili ndipo anapotoa chake. Mwendo unapungua, kisha unachemka polepole mpaka ukumbi wote unakuwa kama ibada ya Detroit. Usiku wa tatu Ray Charles, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, aliletwa jukwaani, wakaimba pamoja wimbo alioutunga Aretha mwenyewe, "Spirit in the Dark". Mgeni huyo hakuwa ameyahifadhi maneno yake, na jambo hilo linasikika. Studio ingelifuta kosa hilo. Nami naona hasara ingekuwa yetu, kwa maana pale ndipo tunapowasikia mabingwa wawili wakitafutana na kuonana.

Tusiwasahau wapigaji. King Curtis aliongoza bendi kwa saksafoni yake, Billy Preston alikuwa kwenye kinanda, Cornell Dupree kwenye gitaa, na Bernard Purdie kwenye ngoma. Kundi hilo halikudumu. Ukumbi ulifungwa Julai 1971, na mwezi uliofuata King Curtis akauawa kwa kisu mjini New York. Aretha mwenyewe alifariki mwaka 2018. Kilichobaki ni sauti za siku tatu.

Basi vijana wetu wanaodhani kwamba ili wapendwe ugenini ni sharti waifiche asili yao, na waitafute santuri hii. Heshima kwa mwenyeji ni jambo jema, na Aretha aliitimiza. Lakini jicho lake hakulivunja. Wenyeji ndio waliofumbuliwa macho.